Nataka kuweka akiba yangu kwenye kilimo cha jojoba: mliolima, nisaidieni kabla sijasaini

Mchanga_Mkavu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupanda jojoba, kile kichaka cha jangwani ambacho mbegu zake hukamuliwa mafuta, akaitunza mpaka akavuna, hata kama alivuna kikapu kimoja. Habari za kwenye vipeperushi ninazo za kutosha.

Nina ekari 20 nilizorithi kwa baba. Ni ardhi kavu, mchanga mwekundu unaoteremka taratibu hadi kwenye korongo, na mazao ya msimu yamenikatisha tamaa pale kwa miaka 6 mfululizo. Nina pia akiba ya miaka 11 ya ajira. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wa kikundi kinachokusanya wawekezaji wa jojoba. Utaratibu wao ni kwamba unanunua "kitengo" chenye miti 100 ndani ya shamba lao kubwa. Wao wanapanda, wanapalilia, wanavuna na kukamua. Wewe unangoja gawio kila mwaka.

Karatasi waliyonipa inasema mti unaanza kuzaa mwaka wa 2, unatoa kilo 3 kila mwaka, hauhitaji maji, hauna magonjwa, unaishi zaidi ya miaka 100, na mashudu yake ni chakula cha mifugo. Wanasema pia kwamba mahitaji ya dunia hayajawahi kutoshelezwa. Saini inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Njia ya pili ninayoiwaza ni kununua miche na kupanda mwenyewe kwenye ekari zangu. Mke wangu hajaafiki njia hata moja, na namwelewa, maana akiba ile ni ya wote wawili.

Je, namba hizo ni za kweli? Na kama ningekuwa mdogo wako au mwanao, ungeniambia nifanye nini?

Mama_Kitalu alijibu:

Mwanangu, umeuliza kwa namna iliyonigusa, nami nitakujibu kama ninavyowajibu niliowazaa. Huu ni mwaka wangu wa 14 na jojoba. Naipenda. Nataka watu wengi zaidi wailime, na ndiyo maana karatasi uliyopewa imenikasirisha, kwa sababu ahadi za namna hiyo ndizo zinazofanya watu walichukie zao lenyewe.

Usisaini. Hilo kwanza. Mengine nitakueleza kwa yaliyonipata.

Nilianza kwa mbegu. Niliuziwa mfuko wa mbegu nzuri, za kahawia, kubwa kama zeituni ndogo, nikaambiwa nipande mbegu moja kila shimo, mita 2 kati ya mche na mche na mita 4 kati ya mistari. Nilichimba mashimo 1,000. Nyingi zilichomoza ndani ya wiki chache. Siku moja nilichimbua mche mmoja uliokuwa haujafika hata urefu wa kiganja, nikakuta mzizi wake umeshuka kupita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, mweupe, umenyooka kama timazi. Nikaelewa jinsi mmea huu unavyoweza kukaa jangwani. Unashuka kwanza, kupanda juu ni baadaye.

Ambacho sikuambiwa ni kwamba jojoba iko kama mpapai: kuna mti dume na kuna mti jike, na mbegu haina alama yoyote ya kukuonyesha itakuwa ipi. Mpapai hukuonyesha ndani ya miezi. Jojoba ilinisubirisha zaidi ya miaka 3. Mwaka wa 4 maua yalipofunguka nilichukua vitambaa, vyeupe kwa madume na vyekundu kwa majike, nikapita mstari kwa mstari kwa siku 5. Ua dume ni kichala cha manjano, ukigusa tawi chavua inatimka kama unga. Ua jike hukaa moja moja, la kijani mpauko, limeinamia chini, halina petali wala harufu, na usipoinama nalo hulioni. Siku ya 3 nilisimama katikati ya shamba nikageuka kutazama nilikotoka. Kulikuwa kweupe.

Hesabu iko kwenye daftari langu mpaka leo: madume 431, majike 402, ambayo hayakutoa ua 58, yaliyokufa 109. Jumla 1,000.

Sasa fikiria, mwanangu. Chavua ya jojoba inabebwa na upepo, na dume mmoja anatosha majike 8 hadi 10. Mimi nilikuwa na madume mengi kuliko majike. Miaka 4 ya palizi, miaka 4 ya kubeba maji wakati wa kiangazi, nusu ya jasho lile lilikwenda kwenye miti isiyoweza kuzaa hata punje moja. Na usidhani nyuki watakusaidia. Wanakwenda kwa dume kuchukua chavua, lakini ua jike halina cha kuwapa, kwa hiyo hawana sababu ya kulitembelea.

Niling'oa madume karibu 380. Ni kazi ya majonzi kung'oa mti wa miaka 4 uliounywesha kwa ndoo.

Pigo la pili lilikuja mwaka wa 7, na hili ndilo ambalo wauza miche wengi hawalisemi hata ukiuliza. Majike yenyewe hayalingani. Msimu ule nilitandika maturubai chini ya miti, kwa sababu tunda likikauka linapasuka na mbegu inaanguka yenyewe, halafu nikapima mavuno ya kila mti kwa mizani ndogo. Majike 402 yalitoa kilo 96. Kati ya hizo, kilo 41 zilitoka kwenye miti 37 tu. Iliyobaki, mmoja mmoja, ilitoa konzi mbili tatu. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, tofauti iko kwenye uzao.

Miti ile 37 ndiyo iliyoniokoa. Nilikata vipandikizi kwenye machipukizi yake, nikavitumbukiza kwenye homoni ya kuotesha mizizi, nikaviweka kwenye kitalu chenye ukungu wa maji. Baada ya wiki 6 hadi 8 vingi vilikuwa na mizizi. Mche wa kipandikizi unarithi mama yake mzima mzima: ukikata kwa jike, unapata jike, na ukikata kwa jike anayezaa, unapata anayezaa. Nimejaza mapengo yote kwa miche hiyo. Shamba langu la leo si lile la vitambaa vyeupe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza hao wenye vitengo ni hili: miti 100 mnayoniuzia ni ya mbegu au ya vipandikizi? Kama ni ya mbegu, umenunua majike 50 hivi, na kati ya hayo 50 yanayozaa kwa maana ya kuzaa yanaweza yasifike 10.

Kuzaa mwaka wa 2 hakupo. Miche bora iliyotunzwa vizuri huanza kukuonyesha mbegu chache mwaka wa 3 au wa 4, na mti haufiki nguvu zake kamili mpaka unakaribia miaka 10 au zaidi. Kuishi zaidi ya miaka 100 ni kweli kabisa, lakini miaka 5 ya mwanzo ndiyo inayofilisi watu, maana gharama zinaingia kila mwezi na mavuno hayapo.

"Hauhitaji maji" ni nusu ya kweli. Jojoba haifi kwa milimita 300 za mvua kwa mwaka, hata chini ya hapo. Lakini kutokufa na kuzaa ni mambo mawili. Ukitaka mbegu za kupima kwa gunia, hesabu milimita 450 hadi 600, za mvua au za mpira wa matone. Na miche ya vipandikizi haina mzizi ule mrefu niliokusimulia, mizizi yake huanza kwa kutawanyika juu juu, kwa hiyo miaka 2 ya kwanza inahitaji maji kwa ukaribu zaidi kuliko ya mbegu.

Jambo jingine, umesema ardhi yako inateremka kwenye korongo. Ile miti yangu 109 iliyokufa, mingi ilikuwa kona ya chini, mahali ambapo maji ya mvua husimama siku mbili tatu. Ilinyauka ikiwa mizizi imelowa. Ukiing'oa, mzizi ni mweusi na ganda lake linabanduka kwa kidole. Jojoba inastahimili kiu na hata udongo wenye chumvi kiasi, ila maji yaliyosimama yanaiua. Kabla hujafanya chochote, nenda kaangalie maji yanasimama wapi baada ya mvua kubwa.

Historia nayo ikusaidie. Mmea huu kwao ni jangwa la Sonora, kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini magharibi mwa Meksiko. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona waligundua kwamba mafuta yake kwa hakika ni nta ya majimaji, inayofanana na mafuta ya nyangumi aina ya spemaseti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipopiga marufuku mafuta ya nyangumi huyo, macho yote yakageukia jojoba. Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 wawekezaji walimimina fedha Arizona na California, wengi wao watu wa mjini walionunua hisa za mashamba wasiyoyajua, kama kitengo chako hicho. Mashamba mengi yalipandwa kwa mbegu zilizookotwa porini. Yaliyowapata ndiyo yaliyonipata mimi, ila kwao ilikuwa maelfu ya ekari, na mengi yalitelekezwa. Waliosimama ni waliochagua majike bora na kuyazalisha kwa vipandikizi. Israeli ilifanya hivyo huko Negevu kwa umwagiliaji wa matone, na leo nchi kama Argentina, Peru, Australia na Misri zinalima pia. Zao ni la kweli. Ni namna ya kuliingia ndiyo inayotofautisha.

Mpanda_Miti alijibu:

Mama_Kitalu amemaliza mengi. Naongeza moja ambalo mimi limenigharimu miaka 9.

Mimi niko bondeni, kwenye joto la mwaka mzima. Nilipanda vichaka 60, vyote vya vipandikizi, kutoka kitalu kinachoaminika. Ukiviona leo utavipenda: vinanifika kifuani, majani mazito ya kijivu kijani yamesimama wima kukwepa jua. Kwenye vifundo vya matawi vichipukizi vya maua vipo kila mwaka, vimejaa, vidogo kama punje za mtama. Havifunguki. Mwaka mmoja vilifunguka vichaka 3, nikapata mbegu zinazojaa viganja viwili.

Nilidhani ni mbolea, kisha nikadhani ni maji. Kumbe jojoba hutengeneza vichipukizi vya maua wakati wa joto, halafu vinalala, na kinachoviamsha ni wiki kadhaa za ubaridi, usiku unaoshuka nyuzi 15 au chini zaidi, pamoja na unyevu kwenye udongo ubaridi unapoisha. Kwangu usiku haushuki hapo. Nina mapambo mazuri ya kijani.

Upande wa pili baridi ikizidi nayo ni hasara. Miche michanga na maua yaliyofunguka huungua joto likishuka nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo ndugu yangu, udongo wa kichanga na ukame havitoshi kusema ardhi inafaa. Unajua usiku wako wa msimu wa baridi unashuka nyuzi ngapi? Na shamba la hao jamaa liko wapi, bondeni au mwinuko?

Kinu_Baridi alijibu:

Nakamua mafuta ya mbegu mbalimbali kwa kinu kidogo cha skrubu, bila kupasha moto. Jojoba inanifikia kila msimu, ikiwemo ya Mama_Kitalu. Nazungumzia upande wa soko na kinu.

Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni nta. Kinu kama changu hakiitoi yote, katika kilo 100 napata kilo 38 hadi 40 za mafuta, iliyobaki inakwenda na mashudu. Kwa hiyo zile kilo 96 alizozitaja zilitoka lita 42 hivi. Nazikumbuka kwa sababu zilikuwa jojoba yangu ya kwanza. Mafuta yalitoka ya dhahabu, mepesi, karibu hayana harufu. Chupa moja niliiweka dirishani. Ina miaka 7 sasa na haijachacha. Mafuta ya kawaida yangekuwa yananuka zamani.

Hapo ndipo thamani yake ilipo. Mafuta ya ngozi ya binadamu yenyewe yana nta ya jamii hiyo hiyo, karibu robo yake, ndiyo maana watengenezaji wa vipodozi wanaitafuta. Lakini msikie vizuri: wanaitafuta kwa vipimo. Mnunuzi anataka sampuli, anataka cheti cha maabara, na mwaka unaofuata anataka mafuta yale yale yenye rangi ile ile. Mbegu zilizookotwa na unyevu zikafungiwa kwenye gunia zinaota ukungu, na asidi ya mafuta inapanda. Mbegu zenye vijiwe zinakula skrubu ya kinu. Zianike mpaka ukiigonga mbegu inapasuka kavu, zipepete, ndipo uzilete. Zikiwa kavu zinakaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, na hiyo ni nguvu kubwa ya mkulima, kwa sababu soko likiwa baya hulazimiki kuuza.

Kuna mteja aliwahi kunirudishia chupa akiwa amekasirika, asubuhi ya baridi kali, mafuta yameganda kama samli. Alidhani nimechanganya na kitu kingine. Tuliiweka juani mbele yake, ikarudi kuwa maji bila kubadilika. Jojoba halisi huganda inapokaribia nyuzi 10 kushuka chini. Isiyoganda kwenye jokofu ndiyo ya kutilia shaka.

Kuhusu "mahitaji hayajawahi kutoshelezwa", mimi nisingeweka fedha kwa sentensi hiyo. Soko la jojoba ni dogo na wanunuzi wakubwa wanahesabika. Bei ikipanda watu wengi hupanda kwa pamoja, na kwa kuwa mti unachukua miaka 5 kuzaa, mavuno ya wote huingia sokoni pamoja, wakati ile bei iliyowavutia imeshapita.

Mchanga_Mkavu aliandika:

Nimesoma majibu yenu mara tatu, mara ya tatu nikimsomea mke wangu kwa sauti. Asanteni sana. Nilipofika pale pa vitambaa vyeupe alinyamaza, kisha akasema "huyo mama tumsikilize."

Nina maswali matatu yaliyobaki. Mashudu kweli yanalishwa mifugo? Nina mbuzi 18 na nilishaanza kuyapigia hesabu. La pili, nikinunua miche ya vipandikizi nitajuaje kwamba ni ya vipandikizi kweli? Na la tatu, Mama, ungekuwa na ekari zangu 20 na akiba yangu, ungefanyaje?

Usiku wa hapa sijawahi kuupima. Najua tu kwamba kwa miezi miwili ya baridi tunalala na mablanketi mawili.

Mama_Kitalu alijibu:

Msalimie sana mwenzio, mwambie nimefurahi.

Mashudu usiwape mbuzi. Yana protini nyingi, karibu asilimia 30, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa simondsini, ambacho kinakata hamu ya kula. Mwaka ule wa kwanza wa kukamua niliwachanganyia mbuzi wangu mashudu kidogo kwenye chakula chao. Siku ya 3 walikuwa wanasimama mbele ya hori wanatazama tu, na jike mmoja aliyekuwa ananyonyesha alikauka maziwa. Niliacha siku hiyo hiyo na wakarudi kula taratibu. Kuna njia za kiwandani za kukiondoa, lakini si za kufanya nyumbani. Mimi mashudu nayarudisha shambani, yanaoza vizuri kwenye mboji. Na wale mbuzi wako uwajengee uzio mapema, maana jani la jojoba wanalila hadi kwenye shina.

Kutambua mche wa kipandikizi: omba uchomoe mmoja kwenye kifuko, ulipie hata kama hutaununua. Wa mbegu utaona mzizi mkuu mmoja unaokwenda chini moja kwa moja, na mara nyingi umejikunja kwenye kitako cha kifuko kwa kukosa nafasi. Wa kipandikizi una mizizi kadhaa inayotoka pamoja kwenye kitako cha kijiti, na kijiti chenyewe kina alama ya kukatwa. Lakini usiishie hapo. Mwambie mwenye kitalu akupeleke kwenye mti mama. Kitalu chenye miche ya kweli kina miti mama yenye namba na daftari la mavuno yake. Asiye na mti mama wa kukuonyesha anakuuzia matumaini.

Ekari zako 20 ningezigusa hivi. Mwaka huu nisingepanda kitu. Ningenunua kipimajoto kinachobakiza alama ya joto la chini kabisa, nikifunge kivulini urefu wa kifua, na kila asubuhi niandike. Msimu mzima wa baridi. Pia ningechimba mashimo matatu ya mita 1 na nusu, juu, katikati na karibu na korongo, niyajaze maji na nione yanachukua muda gani kunywewa. Kazi hiyo haigharimu akiba, na Mpanda_Miti atakuambia ingemwokolea miaka 9.

Baridi ikikubali, ningepanda ekari 1. Moja. Kwa mita 2 kwa 4 inachukua miche 500 hivi. Ningechukua majike 450 ya aina 4 au 5 tofauti, kwa sababu ukipanda aina moja tu na ardhi yako ikaikataa umepoteza zote, na madume 50 ya aina mbili au tatu, ili lisipochanua dume hili kwa wakati wa majike, lile lingine lichanue. Madume yapange upande upepo unakotoka msimu wa maua, na mengine katikati ya mistari. Nyuma ya kila mche kibandiko chenye namba ya aina yake. Mwaka wa 5 ardhi yako yenyewe ndiyo itakayokuambia jike gani ulizalishe, na hapo vipandikizi vya kupanua shamba utakata kwako mwenyewe bila kununua. Hiyo ndiyo faida ambayo mwenye vitengo hawezi kukupa hata angetaka.

Akiba iliyobaki usiiguse. Miaka 5 ni mirefu, na watoto wanasoma kila mwaka.

Hao wa vitengo, kabla hujawarudishia fomu, waombe mambo haya kwa heshima. Wakupeleke uone mti wa miaka 5 wa aina ile ile watakayokupandia, kwenye ardhi ile ile. Wakuonyeshe daftari la mizani. Wakueleze mti ni mali ya nani kikundi kikivunjika, kwa sababu miti inashikwa na ardhi, na kama ardhi si yako, mti wako unaitwa wako kwenye karatasi tu. Wakikuahidi kununua mavuno yote kwa miaka 20, uliza wao wanamuuzia nani na uombe kuuona mkataba huo. Mtu mwaminifu hachukii kuulizwa hayo. Mimi watu wanakuja shambani kwangu na maswali makali kuliko hayo, na ninawaonyesha hata ile kona iliyokufa.

Mchanga_Mkavu aliandika:

Wakuu, narudi baada ya wiki 3.

Nilikwenda kwenye ofisi ya kikundi na maswali ya Mama yakiwa kwenye karatasi. Walinipokea vizuri. Nilipoomba kuona mti wa miaka 5 wakasema shamba la mfano bado ni changa. Nikaomba kuliona hilo hilo changa. Tulikwenda na mke wangu. Ni miche ya miezi 8, mizuri, imenyooka. Nilimwomba kijana wa kitaluni nichomoe mmoja, akakubali. Mzizi ulikuwa mmoja, mweupe, umejikunja kitakoni kama konokono. Nilimuuliza majike ni yapi, akasema "yote yatazaa." Fomu nimeirudisha bila saini.

Mashimo matatu nimechimba. La juu lilinywa maji chini ya saa 2, la katikati saa 3 na nusu, la karibu na korongo asubuhi ya pili bado lilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Kwa hiyo ekari kama 4 za chini nimezifuta kichwani.

Kipimajoto kimefungwa kwenye mti wa uani tangu siku 12 zilizopita, na mke wangu ndiye anayeandika kwa sababu anaamka kabla yangu. Baridi ndiyo kwanza inaanza. Cha chini kabisa mpaka leo ni nyuzi 13.

Mama_Kitalu alijibu:

Nyuzi 13 mwanzoni mwa baridi ni dalili njema, lakini siku 12 hazitoshi. Mwambie mwenzio aendelee mpaka mablanketi yarudi kabatini, na asiruke hata siku moja, hasa zile asubuhi zenye umande mweupe kwenye nyasi. Akimaliza, njooni wote wawili na daftari hilo. Nitakuwa naandaa vitanda vya vipandikizi, na ile miti 37 kila mmoja bado una kitambaa chake chekundu.